Akriliki haisubiri: jinsi ya kuunganisha rangi za anga kwenye kanvasi

Swali: Shikamoo mwalimu. Nilijifunza kuchora kwa mtindo wa tingatinga kwa mjomba wangu, Dar es Salaam, kwa rangi za mafuta za kopo. Sasa nyumba moja ya wageni ya Nungwi imeniagiza picha ya machweo ya bahari, sentimita 120 kwa 90, kwenye kanvasi. Wanataka akriliki kwa sababu hawapendi harufu ya mafuta. Anga ndilo linalonishinda. Napaka rangi ya chungwa chini na bluu juu, lakini kabla sijaziunganisha zimeshakauka. Nikilazimisha, brashi inang'oa rangi na katikati panabaki tope. Nikaongeza maji, ikawa mbaya zaidi. Nachorea barazani. Nifanyeje? Na kanvasi niliyoiharibu inaokoka?

Jibu: Marahaba. Kanvasi inaokoka, na namna ya kuiokoa nimeiweka mwishoni. Usiitupe.

Mkono wako hauna kasoro. Umebadilisha rangi lakini mpangilio wa kazi umebaki uleule. Rangi ya mafuta ya kopo hukauka kwa hatua mbili: kwanza kiyeyushi chake kinapaa hewani, halafu mafuta yenyewe yanavuta oksijeni na kuwa magumu. Hiyo hatua ya pili huenda polepole, saa nyingi, mara nyingine hadi kesho yake. Mjomba wako anaweza kupaka nyuma ya picha, yaani rangi iliyo nyuma ya wanyama na watu, akaongea na mteja, akarudi kupitisha brashi na rangi bado ikamkubalia. Zile nyuma zinazofifia taratibu unazoziona kwenye vibanda vya wachoraji vya Morogoro Stores, Dar es Salaam, zinategemea subira hiyo ya mafuta. (Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, alipoanza mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, aliziacha nyuma za picha zake nyingi ziwe na rangi moja tu, na zinapendeza hivyohivyo. Si kila anga linadai kufifishwa. Lakini mteja wako ameagiza machweo, kwa hiyo tuendelee.)

Akriliki ni chembe ndogo sana za plastiki zinazoelea ndani ya maji pamoja na unga wa rangi. Maji yakitoka, chembe zinasogeleana, zinabanana na kuwa ngozi moja. Ngozi hiyo hairudi kuwa rangi hata ukiimwagia ndoo nzima ya maji. Tabaka jembamba lililopakwa kivulini hufika hapo ndani ya dakika kumi hadi ishirini. Barazani penye upepo, dakika chache tu.

Kwa hiyo akriliki ina hali tatu, na ukizijua hizo umeshajibiwa nusu ya swali lako. Ikiwa mbichi, inang'aa ukiitazama kwa ubavu na brashi inateleza juu yake. Ikiwa kavu, haina ubaridi ukiigusa kwa mgongo wa kidole, na unaweza kupaka lolote juu yake bila kuidhuru. Katikati ya hizo mbili kuna hali ya kunata: mng'ao umeanza kufa, brashi inaanza kuvutwa, juu pameshaota ngozi na chini bado kuna maji. Brashi ikipita hapo inachana ngozi na kuburuta vipande vyake. Huko kung'oka unakokuona ndiko huku. Unganisha rangi zikiwa mbichi, au ziache zikauke kabisa kisha uunganishe kwa njia nyingine nitakayokueleza. Zikiwa zinanata, weka brashi chini na uondoke.

Sasa, namna ya kuurefusha ule muda wa ubichi. Toka barazani. Watu wengi wanalaumu joto, lakini kwa hewa ya pwani yenye unyevu adui mkubwa ni upepo, na jua linaloipiga kanvasi moja kwa moja. Ingia ndani, zima pangaboi, funga dirisha linaloleta kaskazi ikiwa ni kati ya Desemba na Machi. Fanya anga asubuhi kabla ya saa tatu, au usiku. Ukichagua usiku tumia taa nyeupe, maana balbu ya njano itakudanganya kwenye rangi zote za machungwa na ukiamka asubuhi utashangaa ulichopaka. Wakati wa masika utaona rangi ileile inakuwa na adabu zaidi, bila wewe kuongeza chochote.

Kisha angalia kanvasi yenyewe. Hukunieleza ni ya dukani au umejibania mwenyewe amerikani kwenye fremu. Wengi wetu hubana amerikani na kuipaka rangi ya ukutani ya maji, na hiyo mara nyingi inakunywa maji. Dondosha tone la maji juu yake. Likizama ndani ya sekunde chache na kuacha doa, ujue maji ya akriliki yako nayo yanafyonzwa kwa chini huku hewa ikiyavuta kwa juu, na huna muda wowote wa kufanya kazi. Ipake geso, ile rangi nyeupe ya kuandalia kanvasi, mara mbili, mkono wa pili ukikatiza wa kwanza, kisha ipitishe msasa laini namba 220.

Geso peke yake haitoshi. Kabla ya kujaribu anga lenyewe, lipake anga lote kwa harakaharaka kwa rangi zake, machungwa chini, bluu juu, bila kujali mistari, bila kujali uzuri, na uliache likauke kabisa. Tabaka hilo ni plastiki, halinywi maji. Rangi ya mkono wa pili itateleza juu yake kwa muda mrefu zaidi, na pale brashi itakaporuka hutaona weupe wa kitambaa bali rangi ya jirani. Mimi nalithamini tabaka hili kuliko chupa yoyote ya dawa inayouzwa dukani.

Tuje kwenye tope, kwa sababu hapo hata ungekuwa na siku nzima ya ubichi usingeliepuka. Chungwa na bluu zinakaa pande mbili zinazopingana kwenye duara la rangi. Ukizikutanisha zinauana na kuzaa kijivu au kahawia, na hakuna brashi ya kulitibu hilo. Bila shaka mjomba wako hupitia nyeupe au waridi katikati, ila kwa mazoea hata hasemi. Siku ukiwa Nungwi, simama ufukweni ukitazama magharibi jua likishazama, uanzie kwenye mstari wa bahari upande juu kwa macho. Utakuta chungwa, kisha manjano iliyopauka, kisha ukanda ambao karibu hauna rangi kabisa, halafu bluu nyepesi, halafu bluu nzito. Siku yenye mawingu membamba utakuta njia nyingine: chungwa, waridi, zambarau, bluu. Chungwa na bluu hazigusani hata kwenye anga lenyewe, kuna rangi imekaa katikati yao kila mara.

Njia ya waridi ndiyo salama zaidi kwa agizo lako. Ile ya ukanda uliopauka ni nzuri pia, ila inadai ukanda mpana na brashi iliyofutwa sawasawa, la sivyo manjano itafika kwenye bluu na utapata kijani. Kijani kidogo kipo kweli kwenye anga la magharibi. Kikizidi, picha inaonekana mgonjwa.

Kabla hujafungua tyubu, soma misimbo nyuma yake, yaani herufi na namba zinazotaja unga wa rangi uliomo. PB29 ni bluu ya ultramarini, inaelekea kwenye zambarau. PB15 ni bluu ya thalo, inaelekea kwenye kijani na ina nguvu ya kutisha, chembe ndogo yake inabadilisha kopo zima la nyeupe. Kwa machweo yenye waridi chukua PB29. Nyekundu yako iwe magenta, PR122, si ile nyekundu ya nyanya, kwa sababu nyekundu ya nyanya ina unjano ndani yake na zambarau utakayoipata itakuwa imekufa tayari. Nyeupe ni titani, PW6. Tyubu za bei rahisi zenye misimbo mitatu au minne ndani ya rangi moja zinafika kwenye tope upesi, maana kila unapochanganya mbili kumbe umechanganya saba. Heri tyubu nne nzuri kuliko boksi la ishirini na nne.

Ukishapata rangi zako, changanya hatua zote za anga kwenye paleti kabla ya kugusa kanvasi. Zifanye saba: manjano na nyeupe nyingi, manjano yenye chungwa, chungwa nyepesi yenye tone la magenta, waridi, zambarau nyepesi, bluu nyepesi iliyoguswa na zambarau, bluu nzito ya juu kabisa. Tia iliyo kali ndani ya iliyo nyepesi, kidogokidogo. Ukitia nyeupe ndani ya bluu utamaliza tyubu ya nyeupe kabla hujafika unakotaka. Kila fungu litofautiane na jirani yake kidogo tu. Kwa namna hii kazi kubwa ya kuunganisha imefanyika mahali ambapo hakuna anayekukimbiza, na kwenye kanvasi unabaki na kuondoa mipaka kati ya rangi ambazo tayari ni ndugu.

Changanya nyingi kuliko unavyodhani utahitaji. Rangi ikiisha katikati ya anga hutaweza kuipata tena ileile, kwa sababu akriliki mbichi huonekana nyepesi kuliko itakavyokuwa ikikauka: gundi yake ni nyeupe kama tui ikiwa na maji, na maji yakitoka inakuwa wazi kama kioo. Paka kila fungu kwenye kipande cha kadi, kikaushe kwa draya ya nywele, ndipo uamue kama ni rangi uliyoitaka. Bluu ndizo zinazoshangaza watu zaidi.

Mafungu hayo yasikae kwenye sahani kavu. Chukua kontena bapa la plastiki lenye mfuniko, tandaza ndani sponji nyembamba au kitambaa cha jikoni kilicholowa, juu yake weka karatasi ya kuokea mikate, na rangi zikae juu ya karatasi. Unyevu unapanda taratibu. Ukifunika, utazikuta kesho zikiwa hai.

Sasa kupaka. Uwe na brashi mbili bapa za nailoni laini, upana wa sentimita tano hadi saba, na moja kavu yenye nywele laini nyingi. Brashi ya kupakia poda usoni, mpya na safi, inafanya kazi hiyo vizuri na ni rahisi kuipata kuliko ya duka la wasanii. Weka karibu kitambaa kikavu na chupa ya kupulizia maji. Puliza ukungu wa maji juu ya lile tabaka la kwanza lililokauka mpaka uso uwe na unyevu sawasawa. Maji yakianza kutiririka umezidisha, pangusa.

Anza kwenye mstari wa bahari, na rangi nyepesi, upande juu kuelekea nzito. Brashi itabaki safi muda mrefu zaidi. Paka fungu la kwanza ukanda wa sentimita nane hivi, upana wote wa kanvasi. Bila kungoja, paka la pili upande wa juu wa hilo, likiingia ndani ya la kwanza kwa upana wa vidole viwili. Pale zinapokutana, pitisha brashi kwa mikato ya haraka inayopishana, kulia juu kushoto chini, kushoto juu kulia chini, ukitembea upande mpaka upande. Kisha laza brashi, vuta mistari mirefu ya mlalo, mkono mwepesi, kutoka ukingo hadi ukingo bila kuinua katikati. Futa brashi kwa kitambaa. Usiichovye majini, maana brashi iliyojaa maji itaacha madoa ya utepe kwenye rangi uliyokwisha kuilaza. Fungu la tatu. La nne. Kila kiungo kikuchukue dakika moja hivi, na ukishaanza kiungo kinachofuata usirudi kwenye kilichopita. Huko nyuma kunaanza kunata.

Rangi iwe ya kutosha. Walioanzia kwenye rangi za kopo huwa na tabia ya kuinyoosha rangi ili iende mbali, na kwenye mafuta hiyo ni busara. Akriliki nyembamba ndiyo inayokauka kwanza. Kwa anga, usiione huruma tyubu.

Ukishafika juu, na uso wote bado unang'aa, chukua ile brashi kavu ya poda uupapase kwa ncha za nywele tu, mlalo, ukiifuta kila baada ya mipito miwili. Hapa ndipo mistari ya brashi inapotea. Na hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu kazi inaanza kupendeza na mkono unataka kuendelea. Mng'ao ukianza kufa popote, acha, hata kama kuna sehemu inakukera. Hiyo utaishughulikia ikikauka.

Umesema uliongeza maji. Maji yanazimua gundi pamoja na rangi, kwa hiyo tabaka linakuwa dhaifu, linakauka kwa mabaka, na mkono unaofuata unalibandua. Ukungu wa chupa unatosha. Ukitaka kuilainisha rangi zaidi, tumia midiamu ya akriliki, ambayo ni gundi ileile bila rangi. Ipo pia ritada, dawa ya kuchelewesha kukauka. Matone machache yanasaidia sana, lakini soma kipimo cha chupa na usikivuke, maana ikizidi picha itanata kwa siku kadhaa na kukusanya vumbi lote la mtaa. Kampuni ya Golden ya Marekani ilitoa mwaka 2008 akriliki maalumu zinazochelewa kukauka, zinaitwa OPEN. Ni nzuri, ni ghali, na kwa agizo moja sioni sababu ya kuzihangaikia. Mafuta ya taa, tapentaini na thina zibaki kwa mjomba.

Njia ya pili ni ya rangi kavu. Kama ningelazimishwa kubaki na moja tu, ningechukua hii, kwa sababu haina haraka hata kidogo.

Subiri anga likauke. Palipo na mpaka mkali, tuseme kati ya waridi na bluu, chukua zambarau kidogo sana uichanganye na midiamu nyingi mpaka ikipakwa kwenye kadi uone kadi chini yake. Paka utepe mwembamba juu ya mpaka, kisha kwa brashi ya pili yenye unyevu kidogo fifisha kingo za utepe huo juu na chini. Hutaona tofauti kubwa. Kausha, rudia, ukipanua kidogo kila mara. Matabaka matatu au manne ya namna hiyo yanaufuta mpaka kabisa, na anga linapata kina ambacho kupaka mara moja hakukipi, kwa kuwa mwanga unapita kwenye ngozi kadhaa kabla ya kurudi machoni.

Kwa ukungu wa karibu na bahari, ambako anga halina mstari wowote, tumia brashi karibu kavu: chovya ncha kwenye rangi nyepesi yenye nyeupe, ipanguse kwenye kitambaa mpaka uone kama imeisha, kisha zungusha taratibu juu ya rangi kavu. Itashika kwenye vinundu vya kitambaa tu na kuacha kilicho chini kichungulie. Brashi iliyochakaa ndiyo bora kwa kazi hii. Kati ya matabaka haya membamba unaweza kutumia draya, umbali wa mkono mmoja. Rangi nene usiipulizie, itaota ngozi juu na kubaki mbichi ndani.

Bahari haihitaji yote haya. Chukua mafungu yaleyale saba uliyoyafunika kwenye kontena, uyapange kwa kugeuza, chungwa karibu na mstari wa bahari na bluu ikija kwako, kwa vipigo vifupi vya mlalo vilivyoachana, bila kuunganisha chochote. Maji yanavunja mwanga, hayaufifishi. Ngalawa na tanga lake vingoje siku nyingine.

Najua wazo litakalokujia ukichoka: kufanya anga kwa rangi ya kopo uliyoizoea, kisha ngalawa kwa akriliki juu yake. Usifanye. Akriliki haishiki vizuri juu ya mafuta, itabanduka kwa maganda, pengine ikiwa tayari ukutani kwa mteja. Mafuta juu ya akriliki kavu yanakubalika, lakini mteja wako ameshasema hataki harufu.

Kanvasi uliyoiharibu: iache siku mbili. Kisha isugue kwa kitambaa kilicholowa. Mahali ulipozidisha maji rangi itatoka, na iachie itoke yote. Palipobaki matuta, chukua msasa wa maji, uloweshe, usugue taratibu kwa mzunguko mpaka kiganja kikipita kisikwame. Ukilowesha hakuna vumbi la kuvuta puani. Weka ubao au kitabu kigumu nyuma ya kitambaa unaposugua, usije ukakilegeza kwenye fremu. Pangusa, kausha, paka geso mkono mmoja, halafu lile tabaka la kwanza la harakaharaka nililokueleza. Rangi zilizo chini hazitaonekana. Kabla ya kuanza anga lenyewe, jaribu mafungu yako saba kwenye kipande cha amerikani cha ukubwa wa karatasi ya daftari. Kikikushinda hapo nipigie picha kikiwa kivulini, bila flashi, na uniandikie nyuma ya tyubu zako kuna misimbo gani.